Kutafuta Nyumba Mtandaoni Nairobi: Nani Anakutoza Nini

Tangazo la nyumba ya vyumba viwili Kileleshwa huja na kila kitu: picha za jiko na bafu, kodi ya mwezi, ada ya huduma, lifti, jenereta, maji ya kisima, hata idadi ya magari unayoruhusiwa kuegesha. Chini kabisa pana vitufe viwili, kimoja cha kuonyesha nambari ya ajenti na kingine cha kijani cha WhatsApp. Shilingi ya kutafutiwa haijatajwa popote. Ndiyo maana wanaohama mtaa hadi mtaa hapa Nairobi husema mtandao ni bure, na kwamba mwenye ghali ni ajenti wa mtaani anayetaka pesa kabla hujauona hata mlango. Hesabu hiyo ina tundu, na tundu lenyewe ni nambari yako ya simu.

Tazama kinachotokea ukigusa kile kitufe cha kijani. Ujumbe wako ukifika tu, ajenti ana nambari yako, jina ulilojiandikia WhatsApp na, kama hujaificha, picha yako, pengine ukiwa na watoto. Ukichagua fomu ya tovuti, utakuta nafasi ya jina, simu na barua pepe, pamoja na ujumbe uliokwisha kuandikwa kwa niaba yako kwamba umeipenda nyumba hii na ungetaka kupigiwa. Kwenye baadhi ya fomu pana kisanduku kidogo kilichotiwa tiki tayari: unakubali kuletewa matangazo mengine yanayofanana na hili. Wengi hawakioni. Nyumba ile ikishapata mpangaji, nambari hubaki pale pale, na miezi kadhaa baadaye, ukiwa umeshahamia Uthiru na kusahau, simu inalia: “Bosi, ile ya Kileleshwa ilienda, lakini niko na ingine Lavington. Nikutumie picha?”

Lawama si ya ajenti peke yake. Biashara ya tovuti za nyumba imejengwa hivyo. Anayetafuta halipi, anayetangaza ndiye hulipia kifurushi, na anacholipia hasa ni watu watakaompigia. Ukiona huduma haikudai chochote, ujue kuna mtu mwingine aliyelipia kukupata. Basi swali la kujiuliza kabla ya kuanza kutafuta ni njia ipi inakutoza kidogo ukijumlisha pesa na taarifa zako pamoja, na jibu hubadilika kulingana na mtaa unaoutaka.

Kipimo cha bei hiyo ya pili tunacho. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutotakiwa, wala kuanikiwa, habari za familia yake au mambo yake ya faragha pasipo sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika Novemba 25, 2019, ikaifanya haki hiyo idaike. Anayekusanya data yako akuambie anaikusanyia nini, achukue ile anayoihitaji tu, asiikalie baada ya haja kwisha, na asiifanyie biashara bila idhini yako. Idhini nayo iwe ya wazi, ya hiari, na itokane na tendo la mtu mwenyewe. Kisanduku alichokitia tiki mwenye tovuti ni tendo lake, si lako.

Maajenti wengi hudhani sheria hii ni ya kampuni kubwa zenye maghorofa ya vioo Westlands. Ni kweli kwamba biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 imesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Lakini kanuni za usajili za 2021 zina jedwali la shughuli zisizopata msamaha huo, hata ofisi ikiwa ni ya mtu mmoja na simu yake. Humo, pamoja na kamari, shule, hospitali na teksi za kuitwa mtandaoni, umetajwa usimamizi wa mali isiyohamishika ukiwemo uuzaji wa ardhi. Kutangazia watu biashara moja kwa moja, kwa simu au ujumbe, kumetajwa pia. Kwa hiyo ajenti wa Kawangware anayemkusanyia landilodi kodi ya ploti moja yumo ndani ya sheria sawa na kampuni yenye matawi.

Na gharama ya kujisajili? Biashara ndogo, yenye wafanyakazi 1 hadi 50 na mapato yasiyozidi milioni 5, hulipa shilingi 4,000. Ya kiwango cha kati hulipa 16,000. Kubwa, yenye wafanyakazi zaidi ya 99 na mapato yanayopita milioni 50, hulipa 40,000. Cheti hudumu miezi 24, na kukihuisha ni shilingi 2,000, 9,000 na 25,000 kwa mfuatano huo huo. Gawanya 4,000 kwa miezi 24 upate kama shilingi 167 kwa mwezi. Ajenti anayekutoza 1,000 kukuonyesha bedsita moja, kisha akuambie usajili ni mzigo kwake, anakufanyia mzaha.

Kwa mpangaji, faida ya usajili huo ni ndogo lakini ni ya bure: rejista iko wazi kwenye tovuti ya Kamishna, na unaweza kutafuta jina la kampuni kabla ya kuipa chochote. Cheti hakithibitishi kwamba wanatunza data vizuri. Kinaonyesha tu kwamba kuna mtu aliyejiandikisha, akataja aina ya data anayoshika, na ana anwani. Katika mji ambao maajenti wengi hawana ofisi ila nambari ya simu, anwani ni kitu.

Sasa njia zenyewe. Ya kwanza ni tovuti kubwa: BuyRentKenya, Property24, Jiji, PigiaMe na wenzao. Kwa pesa, hakuna njia rahisi kuliko hii. Ukiwa umekaa kwenye matatu pale Kencom unaweza kulinganisha kodi za Kilimani, Parklands na Loresho kabla gari halijajaa, na hutoi zaidi ya pesa ya intaneti. Ukitazama tu bila kufungua akaunti, bei ya data nayo ni ndogo, ijapokuwa matangazo ya nyumba yatakufuata kwenye kila ukurasa utakaoufungua juma hilo. Gharama hupanda pale unapoulizia. Nyumba moja ya Kilimani huwekwa na maajenti wanne, kila mmoja na picha zile zile na kodi iliyopishana kidogo. Ukiwaulizia wote ili kujua mkweli ni nani, umejitangaza mara nne kwa ajili ya mlango mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulisahau kuhusu tovuti, nalo ni kwamba huuzwa. Lamudi iliingia Kenya 2013, ikageuzwa Jumia House 2016. OLX, ambayo kila mtu mjini aliijua kwa matangazo yake, ilichukuliwa na Jiji 2019, si Kenya tu bali pia Nigeria, Ghana, Tanzania na Uganda. Mtu aliyefungua akaunti akitafuta nyumba ya kwanza baada ya chuo, leo ana mji wake na watoto shuleni, na huenda hajui jina la kampuni inayoshika barua pepe yake ya wakati huo. Sheria haikatazi kampuni kuuzwa, ila inataka data isikae kupita haja, na haja ya kutafuta bedsita ya mwaka 2014 imekwisha siku nyingi. Akaunti ya zamani usiyoitumia ni ya kufungwa, si ya kuachwa.

Kuhusu ile sera ya faragha iliyo chini ya kila tovuti, hakuna anayeisoma yote, na sitajifanya kukuambia uisome. Tafuta mambo matatu tu: wanampa nani data yako, wanakaa nayo muda gani, na ukitaka ifutwe unamwandikia nani. Kisha angalia sheria iliyotajwa. Ukikuta ukurasa unaeleza haki zako kwa sheria ya Ulaya au ya Afrika Kusini na Kenya haikutajwa hata mara moja, ujue aliyeuweka ameunakili mahali. Hilo halimaanishi ni matapeli, lakini linaonyesha jinsi walivyolifikiria jambo lenyewe.

Njia ya pili ndiyo inayovuma zaidi kwa vijana: kurasa za TikTok na Facebook, na magrupu ya WhatsApp na Telegram yenye majina ya mitaa. Kijana mwenye simu nzuri anaingia nyumba tupu Kinoo, anazungusha kamera kutoka jikoni hadi roshani, anataja kodi na kuacha nambari. Video hizo zina ukweli ambao picha za tovuti hazina. Unasikia kelele za Waiyaki Way, unaona ufa wa dari. Lakini hapa ndipo bei zote mbili hupanda kwa pamoja.

Kwa pesa, kuna ada ya kwenda kuona, mara nyingi kati ya shilingi 500 na 2,000, na hairudi hata nyumba ikiwa si ile ya kwenye video. Tuseme umepitia maajenti watano kwa 1,000 kila mmoja. Umetoa 5,000 bila kulala ndani ya hata nyumba moja, na umeacha jumbe tano za M-Pesa zenye jina lako kwenye simu za watu usiowajua. Kwa sheria, anayefanya kazi ya uwakala wa nyumba anapaswa kuwa amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba chini ya Sura ya 533 ya sheria za Kenya, na kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa. Muulize mwenye video nambari yake ya usajili uone atakavyokujibu.

Kwa data, magrupu ndiyo mabaya kuliko yote. Ukiingia tu kwenye la WhatsApp, wanachama wote wanaweza kuiona nambari yako. Halafu watu huandika wenyewe: “Natafuta one bedroom Kinoo, bajeti 15, nahamia mwisho wa mwezi, mimi na mtoto mmoja.” Kwa mstari huo mmoja umesema uwezo wako wa pesa, mahali utakapokuwa, siku utakayokuwa na deposti mkononi na nani unaishi naye. Tapeli hahitaji zaidi. Atakuletea kesho nyumba ya 15,000 Kinoo iliyopakwa rangi juzi, “landilodi yuko majuu, tuma deposti kidogo nikushikie.” Wapo pia wasiotaka hata deposti. Hao huomba picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, eti landilodi amchuje mpangaji kabla ya kumwonyesha nyumba. Nyumba haipo. Kilichotakiwa ni kitambulisho.

Ningemshauri anayeipenda njia hii aitumie kama macho. Tazama video, jifunze bei za mtaa, usiandike nambari yako wala bajeti yako hadharani. Ukitaka kuongea na ajenti, mpigie kwa laini nyingine. Laini mpya ni pesa kidogo kuliko ada moja ya kuona nyumba, na siku ukishapata mahali unaitoa kwenye simu.

Ya tatu, kampuni ya mawakala iliyosajiliwa, inageuza hesabu juu chini. Hapa hakuna ada ya kuona kwa kawaida, kwa kuwa kamisheni yao hutoka kwa mwenye nyumba, ingawa wapo wanaomdai mpangaji gharama ya kuandika mkataba, na ni vizuri kuuliza hilo mapema. Wanachotaka kwa wingi ni karatasi: kitambulisho, PIN ya KRA, hati za mshahara, taarifa za benki za miezi kadhaa, barua ya mwajiri, landilodi uliyetoka kwake na watu wawili wa kukudhamini. Kwa mizani ya data ni ghali sana. Lakini karatasi hizo zinaingia kwenye faili ya ofisi yenye mlango, mwenye kujulikana na leseni ya kupoteza. Kwa anayetafuta Lavington au Westlands, au Mkenya aliye Doha anayewapangia wazazi wake nyumba Parklands, sioni njia iliyo bora. Ila hata hapa kuna kupinga. Kuonyesha kwamba mshahara wako unatosha kodi ni jambo moja. Kutoa taarifa za benki zinazoonyesha hospitali uliyolipa, sadaka uliyotoa na fedha unazomtumia mama ni jingine. Omba uziwasilishe baada ya kukubaliwa nyumba, si kabla, na uzibe mistari isiyohusu mapato. Kampuni inayojua sheria haitakugombeza.

Ukinakilisha kitambulisho, andika kwa kalamu juu ya nakala yenyewe, ukipitia kwenye picha: “Kwa ajili ya kupanga nyumba nambari fulani, ploti fulani, tarehe fulani.” Ni kazi ya dakika moja, na nakala hiyo haifai tena kumsajilia mtu mwingine laini wala mkopo.

Njia ya nne ni miguu. Panda matatu ya Kawangware, Kangemi au Uthiru, shuka, tembea ukisoma mageti. Vibao vya “Vacant” vimepakwa kwa brashi kwenye mabati, na nambari ya keateka chini yake. Bisha. “Karibu mama, iko moja third floor, maji ni Jumanne na Ijumaa, stima ni token.” Umejua tatizo la maji kabla hujasema hata jina lako. Unapanda, unaona, unauliza majirani walioanika nguo kama kodi hupanda kila Januari, unashuka na kwenda zako. Hakuna aliyeandika chochote. Gharama ni nauli, ambayo jioni na wakati wa mvua hupanda kama kawaida yake, jua la mchana, na labda ya soda kwa keateka. Siku ya kuhamia ndipo kitambulisho na nambari ya ndugu wa karibu huandikwa kwenye daftari la mazoezi ambalo hulala juu ya friji ya keateka, na huo ndio udhaifu wa njia hii. Hata hivyo daftari lililo nyumbani kwa mtu mmoja huvujia mtaa mmoja, na mwenye daftari unamjua kwa sura.

Hapo ndipo mambo yanapogeuka kichekesho. Anayetafuta nyumba ya shilingi 8,000 Kawangware anaweza kuona nyumba kumi bila kuacha alama yoyote. Anayetafuta ya 80,000 Kilimani hawezi kuona hata moja bila kupita kwenye daftari la geti. Mlinzi anakutaka jina, nambari ya kitambulisho, simu, nambari ya gari, nyumba unayokwenda na saa. Daftari liko wazi juu ya meza, na mistari ya waliokutangulia yote inasomeka, wakiwemo maajenti, mafundi na wageni wa watu. Sheria ya 2016 ya kusimamia ulinzi binafsi inawaruhusu walinzi kukutaka kitambulisho mlangoni, kuandika saa za kuingia na kutoka, na hata kukishika kitambulisho kwa muda. Sheria hiyo hiyo inasema habari hizo ni za kukutambulisha tu, zitunzwe salama, zisitumiwe kwa jambo lingine. Daftari lililo wazi mezani si kutunza. Ukiwa unaona nyumba sita Kilimani na Kileleshwa kwa Jumamosi moja, umeandika nambari ya kitambulisho kwenye madaftari sita, na hakuna tovuti yoyote kati ya nilizozitaja iliyokuomba hivyo. Anayelalamikia mitandao peke yake hajalitazama geti.

Majumba ya ofisi ya katikati ya mji ni yale yale, na ajenti mwenye ofisi ghorofa ya nne mtaa wa Tom Mboya atakufanya uache kitambulisho kwa askari wa chini kabla hujaonana naye. Uliza kama kadi nyingine yenye jina na picha inatosha. Mara nyingi inatosha.

Je, sheria inauma? Kwa maandishi, dari ya faini ya Kamishna ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Ulaya kanuni yao inasema euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato, ile iliyo kubwa. Tofauti ya “ndogo” na “kubwa” hapo ni ya mamilioni. Kampuni ya mapato ya milioni 8, kwa asilimia 1, haipiti 80,000, yaani kodi ya mwezi mmoja ya nyumba ile ya Kilimani.

Pamoja na hayo, ofisi ya Kamishna Immaculate Kassait, aliyeshika wadhifa huo Novemba 2020, haijalala, na adhabu zilizotangazwa zimegusa upande huu wa mji zaidi ya mara moja. Aprili 2023 ilikuwa zamu ya Regus Kenya, kampuni ya kukodisha ofisi, iliyotozwa milioni 5 baada ya kupuuza amri ya Kamishna iliyotokana na malalamiko. Whitepath, ya mikopo ya simu, ilitozwa kiasi hicho hicho. Septemba mwaka huo zikatangazwa tatu kwa mpigo: Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000, mkahawa wa Casa Vera wa barabara ya Ngong 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa, na shule ya Roma ya Uthiru 4,550,000 kwa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Hiyo ya Casa Vera inawahusu maajenti kuliko wanavyodhani. Video ya nyumba ambayo mpangaji bado anaishi, yenye picha za harusi ukutani na sare za shule kitandani, ni data ya mtu. Kama unahama na ajenti anakuja kupiga picha za kumtafutia landilodi mpangaji mpya, una haki ya kumwambia asubiri utoe vitu vyako.

Wanaosema Wakenya hawajali faragha hutaja foleni za KICC Agosti 2023, watu walipopanga mistari kuuza picha ya mboni za macho kwa mradi wa sarafu ya kidijitali wa Worldcoin kwa tokeni za kama shilingi 7,000. Mimi naisoma foleni ile vingine. Watu walijua kitu chao kina bei, wakakiuza kwa bei waliyoitajiwa. Serikali ikasimamisha zoezi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Anayetafuta nyumba hutoa yake bila hata kutajiwa bei.

Basi ningelikuwa natafuta sasa hivi, kwa nyumba ya hadi 20,000 upande wa Kangemi, Uthiru na Kinoo ningetazama video na tovuti bila kuingia kwenye akaunti, nijue bei, kisha niende kwa miguu. Kwa ya 40,000 kwenda juu, Kilimani, Kileleshwa na kwingineko, ningechagua kampuni mbili zilizosajiliwa na Bodi na kwa Kamishna, nikazipa laini ya pili, na nikakataa kutoa hati yoyote kabla ya kuiona nyumba. Magrupu ya WhatsApp ningeyaacha kabisa, hata yawe na nyumba nzuri kiasi gani.

Na kama nambari au kitambulisho chako vimeshatoka mikononi, anza na vya bure. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usiyoitambua, iripoti. Wa Safaricom wapige *100*100# ili laini yao isiweze kubadilishiwa kadi kwa wakala yeyote wa mtaani. Kisha mwandikie aliyenayo data yako. Huhitaji wakili. Ujumbe wa WhatsApp au barua pepe unatosha, mradi uwe na tarehe: “Mimi ni mwenye nambari hii. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, naomba mnijulishe data yangu mliyo nayo, mliitoa wapi na mmempa nani. Nakataa matumizi yake kwa matangazo, na naomba ifutwe.” Kanuni za jumla za 2021 zinampa siku 7 kukuonyesha data hiyo, na siku 14 kujibu ombi la kuifuta. Piga picha ya skrini ya ujumbe na ya jibu, au ya kimya chake.

Siku hizo zikipita, lalamika kwa Kamishna, kwa fomu ya mtandaoni au kwa kufika Britam Tower, Upper Hill, ghorofa ya 12. Hakuna ada, na malalamiko yanaweza hata kutolewa kwa mdomo. Ofisi ina siku 90 kumaliza uchunguzi, na Kamishna anaweza kuamuru ulipwe fidia. Kifungu cha 65 kinahesabu usumbufu wa moyo kuwa hasara hata kama hukupoteza shilingi. Nenda na zile picha za skrini, jina la kampuni lilivyo kwenye rejista, na nambari zote zilizokupigia, kila moja na tarehe na saa yake.